Karata iseme, jicho linyamaze

Alasiri ikishapita na jua likielekea Shangani, baraza za Kikwajuni, Unguja, hujaa. Watu wanne wamekaa kwa kuelekeana, wawili kwa wawili, katikati yao kipande cha boksi kilichogeuzwa meza. Nyuma yao wamesimama wengine sita ambao, kwa kuwasikiliza tu, utadhani wanaujua mchezo kuliko wale wanaoucheza. Karata hazitupwi, hupigwa, na kila pigo lina kishindo chake.

Mara mmoja wa wale wanne anaisogeza kofia yake mbele kidogo. Aliyekaa mkabala naye anaitandika ree mezani bila wasiwasi, kama mtu aliyeshaambiwa kuwa njia ni nyeupe. Hapo kelele zinaanza. "Kofia ina nini?" "Inaniwasha!" Watu wanacheka. Wapinzani wanalalamika kuwa wameibiwa. Wenye kofia wanajibu kuwa ishara ni ufundi, na asiyeiona alaumu macho yake. Hakuna wa kuamua. Ugomvi humalizwa na muuza kahawa, maana akishafika na dele lake na vikombe vinavyogongana, kila mtu hukumbuka kuwa koo limekauka.

Nimekaa kwenye baraza za namna hiyo miaka mingi bila kujiuliza kama ile kofia ni wizi au ufundi. Nilianza kujiuliza siku niliyojifunza briji, mchezo wa karata ambao kitabu chake cha sheria kimeandikwa, kwa sehemu kubwa, ili kulijibu swali hilohilo. Na kwa kuwa siku hizi briji haidai klabu wala viti vinne, bali simu na bando, swali la kofia limehama nasi hadi kwenye kioo.

Karata zilizoachwa na Mreno

Tuanze na mchezo wetu, kwani anayeujua ameshapiga nusu ya safari ya kuijua briji. Wahedi wa sitini una jina la Kiarabu, sitini na moja, na msamiati wa Kireno. Karata, turufu, kopa, shupaza, uru, pau na seti yote ni maneno yaliyotelemka majahazini pamoja na meza, leso na bendera. Vasco da Gama alifika pwani hii 1498. Wareno walianza kuijenga Ngome ya Yesu ya Mombasa 1593, wakang'olewa humo 1698. Mizinga yao imebaki kwa ajili ya picha za watalii, lakini karata zao zinachezwa mpaka leo.

Hesabu yenyewe inawataja. Ree ina pointi 11 na seti ina 10. Kisha wanakuja wazungu, yaani karata za picha: mzungu wa nne ndiye mfalme, wa tatu ndiye ghulamu, wa pili ndiye bibi. Namba hizo ni bei zao. Jumlisha aina zote nne upate 120, na mwenye 61 ameshinda, ndiyo maana ya jina. Huko Ureno kwenyewe bado unachezwa mchezo uitwao sueca, wa watu wanne, wawili kwa wawili, na bei ya karata ni hiyohiyo: 11, 10, 4, 3, 2.

Mchezaji wa wahedi akikaa kwenye briji, la kwanza litakalomchanganya ni kushuka vyeo. Seti, aliyezoea kuiogopa, huku ni karata ndogo isiyo na heshima yoyote. Ghulamu anarudi chini ya bibi. Wachezaji wa briji hupima nguvu ya mkono kwa kuipa ree pointi 4, mfalme 3, bibi 2 na ghulamu 1. Kwa hiyo mzungu wa nne wa Kikwajuni anakuwa wa tatu, wa tatu anakuwa wa kwanza kutoka chini, na bibi peke yake ndiye anayebaki na pointi zake mbili kama alivyotoka nyumbani.

Mengine ni ya kawaida. Wachezaji ni wanne, wenza hukaa mkabala, aina iliyoongozwa lazima ifuatwe ukiwa nayo, na turufu hula zote. Karata ni 52 kamili, hakuna inayotolewa, na kila mtu anapata 13. Kwenye wahedi tunahesabu thamani ya karata tulizokula. Kwenye briji thamani haihesabiwi, kinachohesabiwa ni mizunguko mingapi kati ya 13 mmeshinda. Na zaidi ya hapo, mizunguko mingapi mliahidi.

Mnada wenye maneno 15

Ahadi hiyo ndiyo roho ya briji. Turufu haifunuliwi kwenye fungu, inanadiwa. Mwenye kugawa ndiye anayeanza kutamka, kisha zamu inazunguka, na kila tamko lazima lizidi lililotangulia. Ukisema "kopa mbili", umeahidi kwamba wewe na mwenzako mtashinda mizunguko minane, kopa zikiwa turufu. Minane kwa sababu sita ya mwanzo huhesabiwa kimya kimya. Namba unayoitaja ni nyongeza juu ya sita. Ngazi ni saba. Aina nazo zina mpangilio: pau iko chini, juu yake uru, kisha kopa, kisha shupaza, na juu ya zote "bila turufu". Saba mara tano ni ahadi 35, hakuna nyingine. Ongeza pasi, dabo ya kumwambia mpinzani kuwa hataweza, na ridabo ya kumjibu kuwa utaona.

Hesabu maneno yenyewe: namba saba, aina nne na bila turufu, pasi, dabo, ridabo. Jumla ni 15. Kwa maneno 15 tu mtu anatakiwa kumweleza mwenzake karata 13 asizoziona, naye amjibu, mpaka wakubaliane waende hadi ngazi gani. Anayetamka kidogo anaacha mali mezani, na anayetamka sana anavunja mkataba, pointi zikaenda kwa wapinzani. Mfumo huu wa kulipwa kwa ahadi ulipangwa 1925 na tajiri wa Marekani, Harold Vanderbilt, akiwa melini kwenye safari ya kupitia Mfereji wa Panama. Kabla yake kulikuwa na briji za aina nyingine, lakini hii ndiyo iliyozizika.

Lugha ya maneno 15 ni fukara, na fukara hujifunza kubana matumizi. Ndipo wachezaji walipoyapa matamko maana za kukubaliana. Mfano unaojulikana kuliko yote: mwenzako ameanza kwa "bila turufu moja", akikueleza kuwa ana mkono uliosawazika wenye, tuseme, pointi 15 hadi 17. Wewe unajibu "pau mbili". Huna haja na pau. Unamuuliza: je, una kopa nne au shupaza nne? Naye anajibu kwa kuitaja aliyonayo, au kwa kusema uru mbili, maana yake sina.

Hapo mtu wa baraza atasimama na kusema: kumbe ni ile kofia tu! Mnasema pau na hamna maana ya pau. Tofauti iko wapi?

Tofauti ni moja, na ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Kwenye briji, kila mlichokubaliana wewe na mwenzako ni mali ya wapinzani pia. Makubaliano yenu huandikwa kwenye kadi inayowekwa mezani wazi. Tamko lenye maana isiyo ya kawaida hutangazwa papo hapo kwamba lina jambo, na mpinzani akifikiwa na zamu yake ana haki ya kuuliza "hiyo maana yake nini?" na kujibiwa ukweli mtupu. Mna ruhusa ya kuwa na lugha yenu. Hamna ruhusa ya kuifanya siri.

Maswali ya mgeni mezani

Mgeni wa klabu, au wa programu ya simu, huja na maswali ambayo karibu yote yanafanana. Nimeyakusanya hapa yale yaliyonisumbua mwenyewe.

Je, naruhusiwa kufikiri? Unaruhusiwa, na hata ukichelewa hujavunja sheria. Lakini kuchelewa kwenyewe kunasema kitu. Ukikaa nusu dakika kisha ukasema pasi, umemwambia mwenzako kuwa ulikuwa na la kusema ukajizuia. Sheria inamkataza mwenzako kuitumia habari hiyo. Anatakiwa kutamka kama vile ulisema pasi kwa kasi ya kawaida, na kama alikuwa na njia mbili za busara, haruhusiwi kuchagua ile iliyoelekezwa na kusita kwako. Kwa hiyo adabu njema ni kwenda kwa mwendo mmoja, mkono mzuri na mkono mbaya. Ndiyo maana klabu nyingi hutumia visanduku vya kadi za matamko, uvumbuzi wa Waswidi wa miaka ya 1960: badala ya kusema unaichomoa kadi na kuiweka mezani, ili sauti isipande ukiwa na furaha wala kushuka ukiwa na huzuni.

Je, naruhusiwa kudanganya? Hili ndilo tamu kuliko yote. Ndiyo, ukitumia karata na matamko. Unaweza kutamka shupaza usizonazo ili kuwatisha wapinzani, mradi mwenzako naye adanganyike pamoja nao. Akiwa anajua tabia yako hiyo na wao hawaijui, imekuwa makubaliano ya siri. Unaweza kucheza mfalme ukiwa na bibi ili wafikirie vingine. Usichoruhusiwa ni kudanganya kwa uso na mwendo: kujikuna kichwa na kufikiri kwa muda mrefu huku una karata moja tu ya kutupa, ili mpinzani adhani una mbili. Uongo wa karata ni halali, uongo wa uso ni haramu. Barazani kwetu tumezoea kinyume chake.

Nisipofuata aina ilhali ninayo? Hilo hutokea kwa mtu mwaminifu aliyechoka, na karata mbili nyekundu zikikaa pamoja hufanana. Kwenye baraza adhabu ni kelele. Kwenye klabu ina kipimo. Ukigundua mapema kabla upande wako haujacheza tena, utairudisha na kutoa iliyo sahihi. Ukichelewa, kosa limekomaa, na mzunguko mmoja au miwili mliyoshinda huhamishiwa kwa wapinzani, kutegemea nani aliula mzunguko ule. Ukiwaumiza zaidi ya hapo, msimamizi anaweza kuwarudishia haki yao yote. Kufanya hivyo kusudi ni jambo jingine, na hilo halilipwi kwa mizunguko.

Nikiongoza karata ya kwanza kabla ya zamu yangu? Mwenye mkataba, yaani anayechezea upande ulioshinda mnada, ana njia tano: aukubali uongozi huo na kucheza kama kawaida, aukubali kisha aziweke karata zake chini na kumwachia mwenzake acheze, amlazimishe mwenye zamu aongoze aina ileile, amkataze kuiongoza, au amwache aongoze anachotaka huku karata yako ikibaki mezani wazi kama mateka. Ili kuepuka yote hayo, wachezaji hulaza karata ya kwanza kifudifudi, wakasubiri mwenzao aseme "sina swali", ndipo waifunue.

Na yule anayeweka karata zake zote mezani? Ni mwenza wa mwenye mkataba, na nitamwita bubu, maana ndiyo kazi yake. Karata ya kwanza ikishaongozwa, anazipanga zake wazi mbele ya wote, na mwenzake anachezesha mikono miwili. Bubu hapendekezi, haguni, hanyooshi kidole. Ana ruhusa ndogo: mwenzake asipofuata aina, anaweza kumuuliza kama kweli hana, na anaweza kumzuia asikosee zamu. Kwa watu wa baraza hii ndiyo sheria ngumu kuliko zote. Kukaa mbele ya karata zako mwenyewe, ukaona mwenzako anaipitiliza ree, na ukanyamaza, kunahitaji subira ya aliyefunga akaandaliwa futari saa tisa.

Nani anaamua? Si mwenye sauti kubwa, wala si mwenye umri mkubwa. Likitokea jambo, yeyote mezani anamwita msimamizi, naye hufungua kitabu. Kumwita si kumshtaki mtu. Watu wa klabu humwita kwa utulivu uleule wa kumwita muuza kahawa. Wageni ndio wanaolichukulia kama tusi, kwa sababu wametoka mahali ambapo kumwita mwamuzi maana yake mmeshindwa kuelewana.

Macho yakafungwa, miguu ikabaki

Msomaji asidhani kuwa kwa sheria hizo wizi umekwisha. Briji ni mchezo ambao habari moja ndogo, "nina kopa nyingi", inaweza kuleta ubingwa wa dunia, na wapo waliojaribiwa wakashindwa.

Mwaka 1975, kwenye mashindano ya Bermuda Bowl, ubingwa wa dunia wa timu, yaliwekwa kwa mara ya kwanza mapazia ya mbao yakikatiza meza kwa mshazari ili mtu asimwone mwenzake. Macho yakafungwa. Kisha wakaonekana Waitaliano wawili, Gianfranco Facchini na Sergio Zucchelli, mguu wa mmoja ukigusa wa mwenzake chini ya meza. Walikemewa hadharani, na chini ya meza zikawekwa meza ndogo za kahawa kuizuia miguu isikutane. Hebu fikiria: watu wazima, mabingwa, wamezungushiwa mbao juu na vimeza chini kama mbuzi wanaozuiwa wasifikie mhogo.

Miaka 40 baadaye, 2015, mchezaji wa Norway, Boye Brogeland, aliwatuhumu wenzake wa zamani wa timu, Lotan Fisher na Ron Schwartz wa Israel. Wachezaji kutoka nchi mbalimbali wakazitazama video za mechi zao na kukuta ishara mahali ambapo hakuna aliyepafikiria: ule ubao mdogo unaobebewa karata. Mahali walipouweka mezani kila baada ya mnada palimwambia mwenza aongoze aina gani. Wakafungiwa. Hakuna aliyekonyeza, wala aliyegusa kofia, na pazia lilikuwepo.

Nimeyataja hayo ili nieleze jambo moja. Kila kizuizi kinachowekwa huzaa ujanja mpya, na kama heshima ya mchezo ingetegemea vizuizi tu, mchezo ungeshakufa. Unaendelea kwa sababu walio wengi, wakiwa na nafasi ya kuiba, hawaibi.

Simu imeondoa uso

Sasa njoo Kikwajuni ya leo, kwenye yale majumba yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964, au bondeni ambako baraza zimebanana. Kijana amekaa peke yake, simu mkononi. Anaweza kuwa mezani na mtu wa Muscat, wa Toronto na wa Cairo kwa wakati mmoja. Programu kubwa ya mchezo huu, Bridge Base Online, imekuwepo tangu mwanzoni mwa karne hii, na mtu anaweza kuitumia bure. Sikuhitaji kumjua mtu yeyote ili nijifunze. Roboti walinifunga kwanza, kisha watu.

Kwa upande wa sheria, simu imetuondolea aibu nyingi. Huwezi kuacha kufuata aina, kwani karata isiyofaa haiguswi. Huwezi kuongoza kabla ya zamu. Tamko dogo kuliko lililotangulia halikubaliki. Hata utangazaji umegeuzwa kwa namna nzuri: mezani kwa kawaida mwenzako ndiye anayewatahadharisha wapinzani kuhusu tamko lako, lakini kwenye mtandao unajitangaza mwenyewe, unaandika maana yake, wapinzani wanaisoma na mwenzako haioni. Hapo ule msingi wa kuwaeleza wapinzani umetimizwa kuliko inavyowezekana kwenye meza ya mbao.

Adabu nayo imepata sura yake. Unapokaa meza ya wageni, unasalimu na kusema kwa kifupi mnacheza mfumo gani. Huondoki katikati ya mkono kwa sababu mwenzako ameharibu. Ukikatika umeme au bando likaisha ukarudi, unaomba radhi. Kidole kikiteleza ukatamka usichokusudia, unaweza kuomba kurudishiwa, na muungwana hukubali, lakini karata uliyoicheza ukajuta haiombewi. Mizunguko iliyobaki ikiwa yako bila shaka, unaidai na kueleza utakavyoicheza, badala ya kuwachosha watu. Na watazamaji, wale sita wa nyuma ya baraza, wanaruhusiwa kuona. Hawaruhusiwi kusema.

Lakini simu iliyoondoa uso imeleta chumba cha faragha. Nani anajua kama wenza wawili hawako sebule moja? Nani anajua kama hawana simu ya pili ya kutumiana ujumbe? Wakati wa janga la Uviko, 2020, klabu zilipofungwa na mashindano makubwa yakahamia mtandaoni, waligundulika hata wachezaji wa kiwango cha dunia waliokuwa wakiingia kwa jina la pili kama watazamaji ili waone karata za wote wanne. Baadhi yao walikiri wenyewe. Wengine walinaswa na hesabu: mtu anayeongoza vizuri kupita kiasi, mkono baada ya mkono, mwisho takwimu humsema.

Kwenye baraza, mwizi lazima awe na ujasiri wa kuisogeza kofia mbele ya macho kumi. Nyumbani peke yake, na simu mbili, hahitaji ujasiri. Ndiyo maana nadhani mtandao unamdai mtu adabu zaidi ya baraza.

Mwenzako si mpinzani wako

Kuna swali moja ambalo mgeni haliulizi, ila kila mkongwe angependa aulize: nifanye nini mwenzangu akikosea?

Usifanye kitu. Hilo ndilo jibu la vitabu vya adabu za briji na la uzoefu. Huinui nyusi wala huvuti pumzi. Humsomeshi mezani mbele ya watu, na humsomeshi mpinzani hata kidogo. Mkono ukishaisha unasema "haidhuru" na kuzipanga karata zinazofuata, kwani aliyekaripiwa kwenye mkono wa tatu atakosea pia wa nne. Mazungumzo ya nini kilienda vibaya yana wakati wake, mkiwa wawili, kahawa mkononi.

Historia ina mfano uliopita mipaka. Usiku mmoja wa Septemba 1929, jijini Kansas City, Marekani, John Bennett na mkewe Myrtle walikuwa wakicheza na majirani. Mkataba wa shupaza nne ukavunjika. Wakarushiana maneno, mume akampiga mke makofi mbele ya wageni, mke akaenda kuchukua bastola na kumuua. Mahakama ilimwachia huru 1931. Kesi ile ilisomwa na watu wasiojua hata pau ni nini, na kwa miaka mingi wachezaji walibishana si kuhusu mauaji tu, bali hata kama mkataba ule ungeweza kuokolewa.

Baraza zetu hazijafika huko, alhamdulillahi, lakini tunajua urafiki uliopoa kwa sababu ya seti iliyotupwa vibaya. Tunajua wazee ambao hawakai tena upande mmoja. Kinachouma huwa si kushindwa bali lile neno lililotamkwa mbele ya watu: "Wewe karata hujui."

Tuirudie kofia

Basi ile kofia ni wizi au ufundi?

Nimefika mahali pa kujibu. Kwenye briji ni wizi bila mjadala, kwa kuwa mwenza anapaswa kusikia tamko na kuona karata, basi. Kwenye wahedi wa Kikwajuni si lazima iwe hivyo. Mchezo wa mtaa sheria zake huwekwa na mtaa, na kama wote wanne wamekubali kuwa kukonyezana ni ruhusa, basi kukonyezana ni sehemu ya mchezo, na anayeweza kuisoma kofia ya mpinzani ana ufundi wake pia. Kosa linaanzia pale wawili wanapodhani inaruhusiwa na wawili wengine hawajaulizwa. Ugomvi wote wa barazani, nikiukumbuka, ulikuwa wa kutoulizana.

Sidhani tunahitaji kuleta kitabu cha sheria barazani, wala msimamizi, wala mapazia ya mbao. Tungekufa kwa kicheko kabla ya mkono wa kwanza. Tunahitaji sentensi moja tu kutoka kwenye briji, nayo ni bure: lugha yenu ni yenu, siri si yenu. Kwa hiyo leo jioni, ndugu msomaji, ukikaa kwenye boksi lako Kikwajuni, Malindi au Jang'ombe, au ukifungua simu kucheza na usiowajua, kabla karata hazijachangwa waulize wenzako kwa sauti: ishara zipo au hazipo? Wakikubaliana kuwa zipo, chezeni na macho yenu. Wakisema hazipo, ivue kofia uiweke pembeni.